Shule Binafsi Marekani na Kibali cha Ardhi: Kwa Nini Jiji Huhesabu Wanafunzi Kabla ya Majengo

Mwaka 2013 jiji la Palo Alto, California, liliitoza shule binafsi ya wasichana ya Castilleja faini ya dola 265,000. Shule hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1907, haikuwa imeinua ghorofa bila ruhusa wala kuingilia kiwanja cha jirani. Iliandikisha wanafunzi zaidi ya 415, idadi iliyowekwa kwenye kibali chake cha mwaka 2000. Juu ya faini, ikatakiwa kuwapunguza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Jiji linahusikaje na idadi ya wanafunzi wa shule inayojilipia kila kitu? Jibu limo katika kanuni za matumizi ya ardhi. Ukizifuatilia vizuri utaona pia kwa nini shule inayotaka maabara mpya mwakani hujikuta ikiulizwa itakuwa na sura gani baada ya miaka kumi, na kwa nini bodi nyingi za shule huingia kwenye mazungumzo hayo zikiwa zimebeba michoro mizuri ya majengo huku wajumbe waliokaa mbele yao wakitaka kusikia habari za magari.

Mlango wa katikati

Kwanza, nani ana mamlaka. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ilikubali kwamba serikali za mitaa zinaweza kugawa ardhi yao katika kanda: huku nyumba za familia, kule maduka, kwingine viwanda. Hakuna kanuni moja ya nchi nzima. Kila jimbo hukasimu mamlaka hayo kwa miji, vijiji na kaunti, na kila mmoja huandika kitabu chake. Kama barabara ndiyo mpaka wa miji miwili, shule iliyo upande mmoja inaweza kufuata kanuni ambazo shule ya ng'ambo haizijui kabisa.

Shule ina tabu ya kupangwa. Inawahudumia watoto, na watoto wako kwenye makazi. Kwa hiyo kuipeleka eneo la viwanda si jambo la busara. Lakini si nyumba. Ina kengele, mabasi, mechi za usiku, mahafali, na nusu saa mbili kila siku ambapo mtaa mzima husimama. Wapangaji miji wakaliweka suala hili kati ya "ruksa" na "marufuku": shule inaruhusiwa katika ukanda wa makazi iwapo itaomba, itasikilizwa hadharani, na itakubali masharti. California wanakiita kibali cha matumizi kwa masharti, New York kibali maalumu, na Washington D.C. wanazungumzia ruhusa ya kipekee inayotolewa na bodi ya kanda. Kiini ni kimoja.

Kanuni za Washington D.C. zinasema shule binafsi ipangwe kwa namna ambayo haitakuwa kero kwa majirani kutokana na kelele, magari, idadi ya wanafunzi, au hali nyingine ya kuudhi. Isome tena orodha hiyo. Idadi ya wanafunzi imewekwa kapu moja na kelele. Mwalimu mkuu akisema "tumekua" huwa anatangaza mafanikio. Katika sikio la bodi ya kanda, ametangaza kero inayohitaji kupimwa.

Shule za serikali hazibanwi hivyo. Huko California, bodi ya wilaya ya elimu inaweza, kwa kura za theluthi mbili, kujiondoa chini ya kanuni za kanda za jiji kwa ajili ya majengo ya kufundishia. Shule binafsi haina mlango huo. Ila ina ulinzi wa aina nyingine: mwaka 1955 mahakama ya juu ya California iliukataa utaratibu wa mji wa Piedmont uliokubali shule za serikali katika ukanda wa makazi na kuzifungia nje za binafsi. Kwa hiyo mji hauwezi kusema "hatutaki shule binafsi hapa". Unachoweza kusema ni "karibuni, kwa masharti haya", na vita vyote viko kwenye masharti.

Kibali hukaa na ardhi

Wajumbe wapya wa bodi za shule hulichelewa hili: kwa kawaida kibali hakimfuati mwalimu mkuu, wala shirika, wala jina la shule. Kinafuata kiwanja. Taasisi ikinunua majengo ya shule nyingine iliyofungwa, inayanunua pamoja na karatasi za miaka thelathini nyuma zinazosema wanafunzi mwisho 280, hakuna vipaza sauti baada ya saa moja usiku, lango la mashariki lifungwe siku za Jumamosi. Watu huajiri fundi kukagua paa kabla ya kununua, kisha wanasahau kwenda ofisi ya mipango kuomba faili la kiwanja. Paa linaweza kuezekwa upya kwa mwezi mmoja. Kikomo cha wanafunzi 280 kinaweza kuchukua miaka kubadilishwa.

Kuna pia shule zilizotangulia kanuni zenyewe. Ilijengwa 1910, kanda zikachorwa baadaye, na ghafla ikawa matumizi yasiyoendana na ukanda wake. Haifukuzwi, inavumiliwa. Lakini uvumilivu huo kwa kawaida unaihusu shule kama ilivyokuwa, na siku itakapotaka kuongeza hata chumba kimoja itaambiwa iombe kibali ambacho haijawahi kuwa nacho, na hapo historia yote hufunguliwa mezani. Shule za namna hii huogopa kujenga chochote, na mimi naona hofu hiyo huzigharimu zaidi kuliko kibali chenyewe: majengo huchakaa, na kila jambo dogo hufanywa kimya kimya hadi jirani mmoja aandike barua.

Namna ya kuweka kikomo hutofautiana. Wengine hutaja idadi kamili, kama ile 415. Kaunti ya Montgomery, Maryland, imezoeleka kwa kipimo cha msongamano: wanafunzi 87 kwa ekari moja, na anayetaka zaidi lazima athibitishe kwamba hali ya eneo inaruhusu. Chukua kiwanja cha ekari 6. Mara 87 ni 522. Mzazi mwenye shauku atakwambia shule ina haki ya wanafunzi 522. Haina. Namba hiyo inasema tu pale ambapo maswali yanakuwa magumu zaidi. Barabara nyembamba mbele ya lango inaweza kuishusha hadi 350 bila mtu yeyote kuvunja kanuni.

Mita 270 za barabara

Kwa nini barabara? Kwa sababu wanafunzi wa shule binafsi mara nyingi hutoka mbali. Shule ya serikali huwa na eneo lake la kupokea watoto na mara nyingi mabasi yake; ya binafsi huvuta familia kutoka pande zote za mji, na familia hizo huja na gari. Mwongozo wa makadirio ya safari unaotolewa na taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ya Marekani, unaotumiwa na wahandisi karibu wote wa nchi hiyo, huziweka shule binafsi katika makundi yake peke yake.

Tupige hesabu ya shule ya kubuni. Ina wanafunzi 400. Tuseme 100 huja kwa basi, baiskeli au miguu. Waliobaki 300 huja na gari, wastani wa wawili kwa gari moja. Hayo ni magari 150 mchana wa kuchukua watoto. Hayaji yote kwa mpigo, lakini wazazi hupenda kuwahi, hivyo tuseme 60 yamepanga foleni dakika ya kengele kulia. Gari moja na nafasi iliyo mbele yake huchukua kama mita 7. Foleni ni mita 420. Njia ya ndani ya shule, kutoka langoni hadi mlango wa kuchukulia watoto, ina mita 150. Zinabaki mita 270 za magari barabarani, mbele ya malango ya watu, huku mama wa nyumba ya tatu akishindwa kutoka kwenda kazini.

Mita 270 hizo ndizo ajenda ya mkutano wa hadhara. Unaweza kuwa na jengo lililobuniwa na msanifu bora nchini, lenye paa la nyasi na madirisha yanayookoa umeme. Majirani watakuja na picha za simu za magari yaliyoziba lango, zikiwa na tarehe na saa. Na picha hizo zina nguvu, kwa kuwa bodi inatakiwa kuamua kwa ushahidi ulio mbele yake. Ndiyo maana nasema shule inayoajiri msanifu majengo kabla ya mhandisi wa usafiri imevaa viatu kabla ya soksi. Njia ya ndani ikirefushwa kwa kuzungushwa nyuma ya uwanja, ikapata mita 270 zaidi, huenda suala zima likaisha. Lakini ukishaweka ukumbi mpya mahali ambapo njia hiyo ingepita, umejifungia.

Ufumbuzi mwingine hauhitaji saruji: kupishanisha muda wa madarasa ya chini na ya juu kutoka, mabasi ya lazima, familia kuchangia gari, walimu wenye vizibao vya kung'aa wanaopanga foleni. Miji huyaandika haya kama masharti. Hapo ndipo yalipoishia ya Palo Alto. Castilleja iliwasilisha maombi ya kupanuka mwaka 2016, ikilenga wanafunzi 540. Baraza la jiji liliidhinisha mwaka 2022, likaanzia 450 na kuacha nafasi ya kupanda kwa hatua hadi 540, mradi shule ithibitishe kwamba safari za magari haziongezeki. Kwa maneno mengine, jiji liliacha kubishana juu ya watoto likaanza kuhesabu magari, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lilikuwa suala halisi tangu mwanzo. Miaka sita ni mingi, lakini si ajabu.

California ina kona moja inayochanganya watu. Tangu Julai 2020 tathmini ya mazingira ya jimbo hilo haipimi tena athari ya mradi kwa ucheleweshaji wa magari makutanoni. Inapima jumla ya umbali ambao magari yatasafiri. Wengine walidhani foleni imeacha kuwa hoja. Haikuacha. Jiji bado linaweza kuizingatia wakati wa kutoa kibali chenyewe. Imehama kutoka faili moja kwenda lingine.

Kwa nini miaka kumi

Sasa tufike kwenye mpango kabambe, yaani waraka mmoja unaoonyesha yote ambayo shule inatarajia kujenga kwa miaka kadhaa ijayo. Bila huo, shule huomba kibali kila inapotaka kitu: mwaka huu maktaba, baada ya miaka mitatu bwalo, kisha taa za uwanja. Kila ombi linafungua mkutano mpya, na kila mkutano unafufua malalamiko ya zamani. Majirani nao wanachoka, kwa haki kabisa, maana kila mara wanaambiwa "hili ndilo la mwisho".

Sheria nayo inasukuma upande huo. Taratibu za mazingira za California na New York zinakataza kuukatakata mradi mmoja vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo. Kama bodi ya shule tayari ina mchoro wa awamu tatu kwenye kabati, ikaenda jijini na awamu ya kwanza tu, mwanasheria wa majirani akiupata mchoro huo ana kesi. Hapo kuna mtego wa kweli: ukisema yote, unaitwa mlafi, ukisema nusu, unaitwa mdanganyifu. Wanasheria wengi wa ardhi watakushauri useme yote yaliyoamuliwa na uwe mkweli kwamba ndoto ambazo hazijaamuliwa bado ni ndoto. Kumbukumbu za vikao vya bodi ziandikwe kwa kujua hilo.

Portland, Oregon, ina utaratibu ulioandikwa vizuri wa mambo haya. Taasisi iliyo katika ukanda wa makazi inaweza kuwasilisha mpango kabambe unaoonyesha matumizi ya sasa na yanayotarajiwa kwa angalau miaka 3 na hadi 10: mipaka ya eneo, majengo mapya na ukubwa wake, awamu za ujenzi, maegesho na usafiri, pamoja na utaratibu utakaotumika kupitisha kila kipande baadaye. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani. Kila kilichomo ndani ya mpango ulioidhinishwa hupita njia nyepesi zaidi. Kisichokuwemo hurudi kwenye njia ndefu.

Ni biashara ya kubadilishana. Shule hupata uhakika, ambao wafadhili wakubwa huupenda kuliko michoro. Mji hupata kikomo: ukubwa wa juu wa sakafu, idadi ya wanafunzi, mistari ambayo jengo halitaivuka, miti isiyokatwa. Anayedhani mpango kabambe ni orodha ya matakwa ya shule amesoma nusu tu ya waraka. Sehemu inayobana zaidi ni ile inayosema ambacho hakitajengwa, na majirani wenye mwanasheria mzuri huanza kusoma kutoka hapo.

Uhakika huo una mipaka. Kanuni zinaweza kubadilika baada ya kibali kutoka na kabla ya jengo la pili kuanza. California iliruhusu tangu mwaka 1979 mikataba ya uendelezaji, ambapo jiji huahidi kwamba kanuni zilizopo siku ya kusaini ndizo zitakazotumika kwa muda uliokubaliwa. Jiji halitoi ahadi hiyo bure. Litaomba njia ya waenda kwa miguu, au uwanja kufunguliwa kwa watoto wa mtaa wikendi. Katika mkataba wa hiari wanaweza kukubaliana wapendavyo. Nje ya mkataba, kuna kizuizi: katika kesi ya Dolan na mji wa Tigard, Oregon, mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilisema mji ukimtaka mwombaji atoe ardhi kama sharti la kibali, lazima dai hilo liwiane na athari ya mradi wake. Shule inayoongeza wanafunzi 30 haiwezi kubebeshwa ukarabati wa barabara nzima ambayo ilikuwa mbovu kabla haijaomba chochote.

Pale sheria inapoegemea shule

Si kila jimbo linaipa miji nguvu sawa. Massachusetts ina kifungu kinachojulikana kama Marekebisho ya Dover, cha mwaka 1950, kilichopewa jina la mji uliojaribu kuzuia shule za dini katika makazi yake. Kinasema mji hauwezi kupiga marufuku matumizi ya kielimu ya taasisi isiyo ya faida. Unaweza tu kuweka kanuni za kiasi juu ya urefu wa majengo, umbali kutoka mipakani, nafasi za wazi, maegesho na mengineyo ya aina hiyo. Huko mazungumzo huwa juu ya umbo, si juu ya kuwepo. Zingatia maneno "isiyo ya faida": shule inayoendeshwa kibiashara haimo.

New York ilifika karibu na hapo kwa njia ya mahakama. Mwaka 1986 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Cornell, ilisema taasisi za elimu huchukuliwa kuwa na manufaa kwa jamii, na mji hauwezi kudai zithibitishe kwamba zinahitaji kupanuka. Unaweza kuweka masharti, na unaweza kukataa pale madhara yanapozidi, lakini mzigo wa kuanzia hauko kwa shule.

Kwa shule za dini kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, ambayo wanasheria huiita RLUIPA. Inazuia kanuni za ardhi zinazoweka mzigo mkubwa juu ya utekelezaji wa dini bila sababu nzito. Shule ya Kiyahudi ya Westchester Day School, huko Mamaroneck, New York, iliitumia baada ya bodi ya kanda kuikatalia upanuzi mwaka 2003. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiunga mkono mwaka 2007, na kijiji kikaishia kulipa mamilioni ya dola katika suluhu. Tangu hapo wanasheria wa miji midogo huisoma mara mbili barua yenye kifupi hicho. Hata hivyo, sheria hiyo haifuti foleni. Inataka tu sababu za kukataa ziwe za kweli na ziwe na ushahidi, badala ya mbinyo wa watu wenye sauti kubwa.

Meza ya majirani

Washington D.C. ina tume za ushauri za mitaa, na sheria inaitaka bodi ya kanda iyape maoni yao "uzito mkubwa". Maana yake ya vitendo ni kwamba bodi lazima iyajibu hoja kwa hoja kwa maandishi, hata ikiyakataa. Shule yenye akili hufika kwenye tume hiyo miezi mingi kabla ya kuwasilisha ombi. Masharti mengi mazuri huzaliwa hapo: kamati ya pamoja ya shule na majirani, namba ya simu inayopokelewa na mtu siku za matukio, kalenda ya hafla kubwa inayotolewa mwanzoni mwa mwaka, ripoti ya kila muhula ya idadi ya wanafunzi na ya magari yaliyohesabiwa kwa mirija ya mpira iliyotandazwa langoni.

Tahadhari moja kuhusu masharti yanayokubaliwa usiku wa mkutano ili kumaliza ubishi. Mwakilishi wa shule, akiona kura zinakaribia, anaweza kukubali "hafla zisizozidi kumi kwa mwaka" bila kuuliza hafla ni nini. Je, mkutano wa wazazi ni hafla? Mazishi ya mwalimu wa zamani? Tamasha la darasa la kwanza lenye watu arobaini? Miaka mitano baadaye mtu atakaa na kalenda na kuhesabu. Afadhali kuomba wiki mbili za kuandika upya sharti kuliko kuishi nalo miaka ishirini.

Na baada ya kibali kupatikana, saa inaanza kuhesabu. Amri ya bodi ya kanda ya Washington D.C. kwa kawaida huisha nguvu baada ya miaka 2 ikiwa mwombaji hajawasilisha ombi la kibali cha ujenzi, na miji mingine ina muda wake. Kampeni ya kuchangisha fedha za jengo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Ndiyo maana awamu ya kwanza ya mpango inafaa iwe ile ambayo fedha zake ziko karibu kupatikana, hata kama si ile ambayo mwalimu mkuu anaitamani zaidi. Mara nyingi ni barabara ya ndani, maegesho na bomba la maji ya mvua, vitu ambavyo ni vigumu kumshawishi mfadhili aweke jina lake juu yake.